Dhahabu ya Mhindi, Kyebando

Siku zile za utawala wa wanajeshi kujua kazi kulikuwa balaa. Nilikuwa fundi wa redio Kisenyi, na sifa nilijipa mwenyewe: hakuna redio iliyonishinda. Asubuhi moja wanajeshi wakaniwekea mezani mashine ya kutafutia mabomu ardhini, imekufa kabisa, na kapteni wao akasema, "Fundi, tengeneza hii." Nikaitengeneza. Kumbe ni waya mmoja tu uliokatika. Ilipolia nilicheka kwa furaha, mjinga mimi, na kapteni naye akacheka, halafu akaniambia niibebe mashine niingie nayo garini.

Hakuna bomu lililokuwa likitafutwa. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa nchini, na mji mzima uliamini kwamba waliifukia dhahabu yao kwa sababu uwanja wa ndege wasingepita nayo. Kapteni alikuwa amejitwalia ghala la kahawa la Mhindi mmoja kule Kyebando, na alikuwa na hakika kwamba dhahabu iko uani. Kabla yangu alikuwapo mtu mwingine wa mashine, mwanajeshi aliyesomea kazi hiyo. Alisikiliza wiki nzima, akasema hakuna kitu. "Ile nasikia, halafu nanyamaza," kapteni aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini, akimaanisha mtu huyo. "Wewe usinyamaze." Mmoja wa askari wachimbaji ndiye aliyeninong'oneza baadaye, tukila mihogo, kwamba yule mwenzangu alichukuliwa jioni na kofia yake ikabaki ukutani.

Ubaya wa mashine ile ulikuwa hapo hapo. Ilikuwa na kisahani chini, mpini mrefu, na visikilizio viwili vya masikioni. Anayevivaa ndiye anayesikia, wengine hawasikii ng'o. Kwa hiyo kapteni hakuiangalia ardhi hata kidogo. Aliweka kiti chake kivulini akawa ananiangalia uso.

Na ardhi yenyewe, ya Rabi! Majirani walikuwa wameichimba, wanajeshi wa kikosi kingine wakaichimba, kisha hawa wangu nao wakaichimba, hata ukitembea ulitumbukia shimoni kila hatua. Isitoshe, murram ile, udongo mwekundu wa changarawe, ina chuma ndani yake. Mashine ilivuma tu, mmm, mmm, kutwa nzima, juu ya udongo mtupu. Ongeza misumari, vizibo vya soda, vipande vya mabati. Nikaona dawa ni kwenda polepole. Nilikishusha kisahani karibu kabisa na udongo, nikakisogeza upana wa kiganja, nikarudi tena palepale, nikitafuta sauti kali iliyojificha chini ya mvumo, kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali usiku. Kwa siku tatu nilipata kufuli, kijiko, mnyororo wa baiskeli na koki ya shaba. Ile koki ilipong'aa shimoni kapteni aliruka kitini, na mimi nilitamani iwe dhahabu kuliko yeye. Aliitupa. Akaniangalia muda mrefu.

Nyumbani sikuwa nalala. Mke wangu aliniuliza una nini, nikamwambia malaria. Nilijifunza kuwa na uso usiosema kitu, nikaufanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Usicheke, msomaji.

Nyuma ya ghala kulikuwa na vyumba viwili vya mlinzi. Mlinzi alikuwa amekufa, akabaki mjane wake na watoto wawili. Kila asubuhi mama yule alituletea chai ya tangawizi bila kuombwa, maana bunduki zikiwa uani kwako ni afadhali uzipikie. Alinisalimia "Asalaam alaikum," nami nikamwitikia nikiangalia chini, kwa sababu mwenye mashine nilikuwa mimi.

Siku ya nne palikuwa pamebaki sehemu moja tu, nyuma ya jiko la yule mama. Lilikuwapo kaburi, tuta fupi limezungushiwa mawe. Nikalizunguka.

"Pita hapo pia," kapteni alisema.

"Ni kaburi, afande."

"Mimi naona. Pita."

Nikapita, na moyoni nilikuwa nimetulia, nikuambie kweli. Sisi Waislamu humzika mtu na sanda yake, basi. Hana pete, hana kifungo cha shati. Kaburi letu halina la kuiambia mashine.

Mashine ikalia. Si ule mvumo wa murram, la. Ilikuwa sauti kali, fupi, halafu nyingine karibu yake, halafu nyingine. Nikajua papo hapo: mama huyu ameificha dhahabu kaburini kwa mumewe. Ama kweli ana akili, nikasema moyoni, na akili yake itatuua sote. Uso wangu wa mbele ya kioo sijui ulikwenda wapi, kwa maana kapteni alikuwa ameshainuka.

Akanivua visikilizio akavivaa mwenyewe. Akapitisha kisahani mara mbili. Mjane alikuwa ametoka jikoni na karai la vyombo, akasimama mlangoni.

"Huyu nani?" kapteni aliuliza.

"Mume wangu, afande."

"Mwislamu?"

"Ndiyo, afande."

Akanigeukia. "Wewe pia Mwislamu. Kaburi ya Mwislamu nalia kwa nini?"

Askari wawili walikuwa wamesimama na majembe. Mmoja alisema astaghfirullah kwa sauti ya chini, lakini jembe hakuliweka. Nami niliona yote kwa mara moja. Wakichimba wakakuta dhahabu, watasema niliijua tangu siku ya kwanza. Wakichimba wasikute, watasema nimeihamisha. Mama atakufa na mimi nitakufa, na kaburi litakuwa wazi jua linapiga. Nikatafuta neno, neno lolote, litakalomfanya mwanajeshi aliache jembe.

"Labda ni risasi, afande."

Sikuwa najua kitu, wallahi. Nilisema tu. Watu wengi walikuwa wakizikwa hivyo miaka ile, na nilidhani hakuna askari anayependa kufukua kazi ya askari mwenzake. Nikaona majembe yameshuka, nikajiona hodari.

Karai likaanguka. Mama yule alikuwa ananitazama mimi, si kapteni.

"Nani alikuambia?"

Halafu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akaitoa, akaanza kusema haraka haraka: homa, afande, alikufa kwa homa, waulize majirani, wote wanajua ni homa.

Kapteni hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Aliiegemeza mashine ukutani taratibu, akasema, "Pole sana, mama. Siku hiyo wewe ulikuwa hapa?"

"Hapana, afande."

"Watoto?"

"Hawakuwapo. Walikuwa kwa bibi yao."

"Kwa hiyo hakuna mtu naona kitu."

"Hakuna, afande. Hakuna mtu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akawaambia askari wakusanye majembe. Hapo ndipo akili yangu iliponijia, imechelewa. Kulikuwa na watu waliokuja kumuuliza mlinzi dhahabu iko wapi kabla mimi sijaletwa. Walimpiga risasi wakaondoka wakidhani hawakuacha macho nyuma yao. Na mama yule aliishika siri yake miezi yote ile, akawapikia chai watu haohao, mpaka nilipokuja mimi na ujanja wangu.

Garini kapteni alinipiga begani. "Fundi, leo umefanya kazi. Kesho usikuje. Rudi kwa redio yako."

Nilifurahi. Sitaficha. Nilishuka Kisenyi miguu ikiwa myepesi, nikala sahani mbili, nikalala hadi jua lilipochomoza.

Siku ya tatu tangu niachiwe roho ilinisuta, nikanunua sukari na sabuni nikapanda Kyebando kwa miguu. Kaburi lilikuwa zima na mawe yake. Mlango wa vyumba ulikuwa umefungwa kwa waya kwa nje. Jikoni sufuria lilikuwa juu ya mafiga, maharage yake yameota ukungu. Nikamwendea jirani, mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo ng'ambo ya ua, nikamuuliza mama wa pale na watoto wameenda wapi.

Hakuinua kichwa. "Hapo hapakuwa na mama," alisema.

Nikamwambia mzee, nilikunywa chai yake juzi.

"Hapakuwa na mama, mwanangu. Nenda nyumbani."

Nimewauliza watu wengi tangu serikali ile ianguke, Kyebando na hata Arua, mbali kaskazini, kama alitoroka kwa miguu yake au alichukuliwa. Hakuna anayejua. Watoto wangu huniambia, baba, ulikuwa na hofu, si kosa lako. Hofu nilikuwa nayo, ndiyo. Lakini mdomo huponza kichwa, ndivyo tunavyosema, na kichwa changu mimi hiki hapa, kimejaa mvi.