Ramani Niliyoigonga Muhuri Ikiwa Imekunjwa

Kwamba nyumba yetu itabomolewa kupisha barabara mpya, nilionyeshwa na shangazi kwenye simu yake. Naye alijulishwa na serikali ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Cha ajabu, mimi nafanya kazi kwenye ofisi inayoijenga hiyo barabara.

Msinicheke. Niko masjala. Jalada likija nalipiga muhuri wa SIRI, nalifungia kabatini. Kulisoma marufuku. Hata ramani ya barabara niliigonga muhuri mwenyewe, ikiwa imekunjwa.

Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, alikuwa ananibana kila jioni.

"Mwanangu, barabara inapita wapi? Nyumba yangu imo?"

"Shangazi, hayo mambo ya serikali."

"Kwani wewe si ndiyo serikali?"

Hapo nilikuwa naenda kunywa maji.

Mara ikapitishwa sheria mpya: kila mwananchi ana haki ya kupewa habari. Nikashusha pumzi. Bosi akaitisha kikao.

"Kuanzia leo, marufuku kumwambia mtu kwamba jambo ni siri."

Tukapiga makofi.

"Mwambieni linashughulikiwa."

Kesho yake shangazi akaja ofisini, akapanga foleni kama watu wengine. Nikamtazama usoni nikamwambia linashughulikiwa. Roho iliniuma, jamani.

Hakubishana. Alirudi nyumbani akampigia binti yake, nesi huko ng'ambo, kwenye nchi iliyotukopesha hela za barabara.

Kumbe wenzetu kule kila mradi wanaoukopesha wanauanika mtandaoni, ramani na kila kitu. Mwenye malalamiko anaandika, na anajibiwa.

Jioni shangazi akanipa simu. Ramani ileile, ila imekunjuliwa. Mstari mwekundu ulipita katikati ya sebule yetu.

Nikakaa chini.

"Sasa tunafanyaje, shangazi?"

"Nishafanya. Dada yako kaniandikia. Nimewaambia hapa wanaishi watu, na nimewaelekeza pa kupita."

Basi wageni wakaja, wakapima upya. Ramani mpya ikaletwa masjala. Nikaigonga muhuri bila kuifungua, maana sheria imebadilika lakini muhuri ni uleule.

Shangazi akaipata ya kwake kwenye simu. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Nyumba imepona! Nikamkumbatia huku machozi yananitoka, sitanii.

"Hivi uliwaelekeza wapi?" nikamuuliza.

"Kile kiwanja kitupu nyuma ya shule. Miaka yote napita pale, sijaona hata mtu akifyeka. Hakina mwenyewe kile."

Nikakaa tena.

Kile kiwanja ni changu. Nilikinunua kimyakimya, nikasema nikishapandisha ukuta ndipo ndugu wajue, wasije wakaanza maneno.

Nilipomwambia, shangazi alishika mdomo.

"We mtoto! Tunalala nyumba moja, tunakula sahani moja. Kilikushinda nini kuniambia?"

Nikainuka kwenda kunywa maji.

"Ningewaelekeza kwingine," akasema taratibu. "Palikuwa na nafasi kibao."

Watu wananiuliza kama nimeikasirikia serikali. Nianzie wapi? Yenyewe angalau kuna nchi ya pili ya kuianika. Mimi hata binti wa ng'ambo asingenipata mtandaoni.

Ukiwa na kiwanja, mwambie shangazi yako.