Vikaratasi vya Ndani ya Vitabu

Kachak, kachak. Mlio ule wa tableti ikipiga picha kurasa za vitabu bado uko masikioni mwangu. Mdogo wangu, najua sijafikia umri wa kutoa nasaha, nywele zangu zote ni nyeusi, lakini keti nikusimulie jambo lililonipata katika bibliotheki, maktaba yetu ya hapa Songo, Uvira.

Ziwa lilikuwa limepanda hadi karibu na mlango, na vitabu vya rafu za chini vilianza kuota ukungu. Mzee Ramazani, aliyevitunza tangu mimi sijazaliwa, akaniomba nivipige picha vyote visipotee. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaota Uvira nzima ikisoma kwenye simu, hata madereva wa moto, hizi pikipiki za kukodi, wakingoja abiria.

Kwetu kuna desturi: ukirudisha kitabu, unaacha ndani yake kikaratasi chenye maneno yako mwenyewe, ulichojifunza au unachokijua zaidi. Mimi nilipiga picha kurasa zilizochapwa tu. Vikaratasi nilivitoa vyote, nikampa mama muuza karanga afungie karanga zake. Niliona nimefanya usafi.

Wiki iliyofuata akaja Mama Nyota kutoka Nyakabere. Baba yake, Kashindi, alikuwa amefariki, na maji ya mvua yalikuwa yanamwozeshea mihogo yote shambani. Marehemu peke yake ndiye aliyejua mfereji wa zamani wa kutolea maji ulipita wapi, na aliwahi kumwambia binti yake kwamba ameacha maelezo katika kitabu cha kilimo. Nikafungua tableti kwa majivuno. Tukapitia kurasa zote. Hakuna.

Mzee akaniuliza vikaratasi viko wapi. Nikamwambia. Hakupandisha sauti.

"Weye uliwaza kama kitabu iko tu ile iliandikwa na mutu wa mbali?" akasema. "Na sisi, hatuna kitu ya kuandika?"

Nikapanda moto mpaka sokoni. Muuza karanga akanicheka, akasema watu walishakula karanga, karatasi wakazitupa, labda niwaulize mbuzi. Nikarudi mikono mitupu. Mama Nyota aliniangalia kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

Hapo Mzee akafumba macho. Taratibu, neno kwa neno, akaanza kusema alichoandika marehemu: mfereji unaanzia kwenye jiwe jeupe, unazunguka nyuma ya kanisa la zamani, unashuka hadi mtoni. Kumbe alikuwa amesoma kila kikaratasi, miaka yote hiyo!

Mama Nyota akashika mdomo. "Ni yeye," akanong'ona. "Papa alikuwa anasemaka vile."

Nikamwomba Mzee arudie, nikairekodi sauti yake kwenye tableti. Tangu hapo, kila asubuhi Mzee anakumbuka, mimi narekodi. Mengine yamepotea kabisa, nami ndiye niliyeyapoteza.

Basi wewe unayeanza kazi hii, ipende mashine kama ninavyoipenda. Ila kabla hujaamua kipi kihifadhiwe, muulize aliyekitunza, na umfikirie atakayekuja kukitafuta. Siku hizi kazi ya mtunza vitabu imetoka rafuni, inatufikisha hadi vinywani mwa watu. Mungu akupe masikio mapana na mkono usio na pupa.

Jioni ya siku ile aliyokuja Mama Nyota, wote walipoondoka, nilibaki peke yangu. Kwenye tableti, chini ya rekodi ile, mahali pa jina la mwandishi, nikaandika: Kashindi, mkulima wa Nyakabere.