Pumzi ya Ubaoni

Walioniangusha ni watatu. Wa kwanza ni mnyapara wa ghala, na simsingizii.

Miaka ya tisini nilibeba magunia kwenye ghala la korosho pale Mtwara mjini. Msimu ukichanganya, magunia yalipangwa mpaka karibu na bati, na njia ya kupandia ilikuwa ubao mmoja mrefu ulioegeshwa kwenye rundo. Ukitembea, ubao unacheza na wewe. Ukikimbia, unafika kabla haujaanza kucheza. Basi tulikimbia. Gunia begani, unavuta pumzi pale chini, unaibana, mbio mpaka juu, unatupa gunia ndipo unapumua. Anayepumua ubaoni alizomewa: "Huyo ana mimba! Mpeni gunia la pamba!" Mimi sikuzomewa hata siku moja.

Msimu mmoja wakaja wauguzi kutupima. Yule dada alinifunga kitambaa chake mkononi, akapima, akapima tena, akaniangalia usoni. Akaandika karatasi. "Kaka, mpe msimamizi wako leo hii, na kesho uje hospitali." Mimi shule niliachia darasa la tatu, mwandiko ule ulikuwa mchanga mtupu kwangu. Nikaipeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnyapara aliisoma. Niliona macho yake yanakwenda na kurudi. Nje malori yalikuwa yanasubiri kushusha. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Imesemaje, mkuu?"

"Imesema una damu ya simba. Panda ubaoni, bwana, malori yanangoja."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, nikajiona mwanaume, na hospitali sikwenda.

Siku ya tatu yake, katikati ya ubao, pumzi nimeibana, mkono wa kushoto uliondoka. Haukuuma, uliondoka tu, na mguu ukaufuata. Gunia likaangukia upande wake, mimi upande wangu.

Wa pili ni kaka yangu. Alinipeleka kijijini kwetu, kule karibu na Ruvuma inapoingia baharini, akasema nimepigwa na jini. "Sindano haitakiwi. Mtu wa jini akichomwa sindano anakufa." Nililala kwenye mkeka, nafukizwa ubani, nanyweshwa makombe, maji yaliyooshewa aya. Nilisikia kila neno. Nilitaka kusema karatasi, karatasi, iko mfukoni mwa shati lake. Ulimi ulilala kinywani kama kipande cha muhogo mbichi. Mke wangu ndiye aliyegombana na kaka mpaka akaniingiza hospitali, na muda umeshapita.

Miaka ya elfu mbili, ulimi umerudi na mguu unaburuzika, nikampata daktari wa mazoezi asiyenificha. Nikamwambia, zile mbio ndizo zilizonimaliza.

"Siyo mbio, mzee wangu," akasema. "Mshipa wa damu una ngozi laini kwa ndani. Ukikimbia kwa nguvu kwa muda mfupi, damu inapita kwa kasi inaisugua, na mshipa unajifunza kulegea na kutanuka. Ukipumzika, ukirudia, unazidi kuwa laini. Lakini wewe ulikuwa na presha haijatibiwa, ukaweka gunia juu, ukabana pumzi. Hapo presha inaruka, mshipa wa kichwani unapasuka."

Yaani sehemu ya kazi yangu ilikuwa dawa. Hilo liliniuma kuliko kuanguka.

Alingoja vidonge viishushe presha kwanza, akanipima wiki nyingi, ndipo akaruhusu nianze taratibu. Sasa baiskeli yangu imesimama kwa stendi chumbani, gurudumu la nyuma linazunguka hewani. Mke wangu ananifunga mguu wa kushoto kwenye pedali kwa kipande cha khanga, anakandamiza ndala kwenye tairi ili iwe nzito. Nakanyaga kwa nguvu zote mpaka hesabu ya ishirini, napumzika mpaka moyo utulie, narudia. Lazima nihesabu kwa sauti, maana nikinyamaza tu nabana pumzi. Nakimbia hivyo, natazama ukuta uleule. Lakini mwaka huu vidole vya mguu vimeanza kucheza. Daktari anasema nikiendelea bila presha kupanda, nitafika msikitini bila kushikwa.

Idd iliyopita mnyapara alikuja kunijulia hali, na kilo ya sukari. Alinikuta juu ya baiskeli, mguu umefungwa.

"Ile karatasi ilisema nini?" nikamuuliza.

"Karatasi gani tena, ndugu yangu?"

Nilitaka kushuka nimkabe. Mguu uko kwenye khanga. Kifua kikajaa, masikio yakaanza kuvuma, na mke wangu akaona.

"Baba, pumua! Unabana! Hesabu!"

Huyo wa tatu ni mimi mwenyewe, niliyejifunza kubana na bado sijaacha. Hata hasira yangu siruhusiwi kukaa nayo.

"Moja," nikasema, namtazama machoni. "Mbili. Tatu."

Aliweka sukari sakafuni. Nilipofika tisa alikuwa ameshavaa viatu. Nikaendelea mpaka ishirini.