Sauti Nyuma ya Ukuta wa Ghala

Mwanangu, kuna siku moja ambayo haijaniacha hata leo, nikiwa sina meno ya kutafunia karanga. Nilikuwa binti wa kijijini Nambilanje niliyekuja Nachingwea kukaa kwa kaka yangu, enzi zile za mashamba makubwa ya karanga, matrekta yakinguruma porini kutwa na kila mwenye nguvu akipata kibarua. Kwa hesabu ya ukoo wewe ni mjukuu wa kaka huyo, lakini nimekulea mwenyewe, kwa hiyo nitakuita mwanangu utake usitake. Nimesikia wamekukabidhi funguo za ghala la korosho kule Ruangwa, na kwamba wewe ndiye utakayesimamia upigaji wa dawa. Basi kaa hapa, nikueleze jambo la bibi yako Somoe ambalo sijamweleza mtu.

Nyinyi mlimjua Somoe akiwa mzee, mikono ikimtetemeka mpaka chai inamwagika kabla ya kufika mdomoni, mkadhani ni umri. Mimi nilimjua mikono yake ikiwa myepesi kwa kila kazi. Alikuwa mke wa kaka yangu, wifi yangu, na tulichambua karanga za mbegu pamoja katika ghala la mfanyabiashara mmoja nje kidogo ya mji. Tulitaniana tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa akisema pua yangu ingetosha kupepetea unga, na mimi nilikuwa na majibu yangu ambayo si ya kusemwa mbele yako.

Ghala lenyewe hatukulipenda. Lilikuwa la matofali, refu, halina hata dirisha moja, na watu walisema limejengwa juu ya makaburi ya zamani. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba ndani yake hukuona mjusi, wala buibui, wala sisimizi. Kila baada ya muda lilipigwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ilikuwa hewa tupu, haina rangi, wala pua zetu hazikupata harufu yoyote. Likifunguliwa baada ya siku kadhaa, tuliwakuta panya wamelala ubavu sakafuni kama waliopitiwa na usingizi. Tuliwafagia bila kusema neno. Mimi kimya kile kilinitisha kuliko panya wenyewe.

Msimamizi wa dawa alikuwa Mzee Kasiani, mtu wa misheni, mrefu, asiyejua kucheka. Alikuwa na sheria moja. Kila mfanyakazi alipewa kibati chenye namba. Ukiingia ghalani unaingia nacho, ukitoka unakitundika kwa mkono wako mwenyewe kwenye ubao wa misumari pale nje. Mpaka vibati vyote viwe ubaoni, mlango haufungwi. Sisi wanawake tuliona ni usumbufu wa mzee aliyekosa shughuli, na akitupa kisogo tulimwigiza anavyohesabu kwa kidole.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya dawa. Somoe alikuwa na mimba changa, ya kwanza, na kwetu wakati ule mimba ya kwanza haikutangazwa. Mimi tu ndiye niliyejua. Asubuhi nzima alikuwa hajiwezi, lakini angemwambia nani kwamba amechoka? Kibati chake nilikuwa nacho mimi. Pindo la kanga yake lilikuwa limechanika, kwa hiyo nilikifunga kwenye pindo langu pamoja na changu. Adhuhuri tulipoambiwa tutoke, nikatazama huku na huku, sikumwona. Nikajua amekwisha jiondokea nyumbani kujilaza. Nikasema moyoni, wifi yangu huyu, nisipomfichia mimi nani atamfichia? Nikatundika vibati viwili.

Mzee Kasiani akahesabu kwa kidole chake, akaridhika, mlango ukafungwa. Kuziba nyufa ilikuwa kazi yetu wanawake, maana tunajua kukandika. Tukaponda udongo, tukapaka kuzunguka mlango wote, tukalainisha kwa viganja kama tunavyofanya kwenye nyumba zetu. Tuliimba, mwanangu. Nilipaka udongo ule nikiimba.

Mzee akaenda upande wa pili wa ghala, akavaa kinyago chake cha mpira, kile chenye macho makubwa ya kioo kilichomfanya afanane na mchezaji wa ngoma, akafungua mtungi wa dawa uliounganishwa na bomba la kupitia ukutani. Sisi tukakaa nyuma ya ghala kivulini, tunanawa mikono na kucheka.

Ndipo ukuta ukaita.

"Wifi."

Sauti ilikuwa ya chini, ya taratibu, karibu kabisa na mgongo wangu. Kicheko kikatukatika wote kwa pamoja. Jua lilikuwa utosini, hakuna mtu upande ule, kuna matofali tu. Unajua tulivyolelewa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, maana hujui anayekutaka. Bi. Mwanahawa, mkubwa wetu, akaweka kidole mdomoni. Tukatulia.

"Wifi."

Mara hii ilikuja na mkwaruzo, kama kucha zinazopita kwenye gunia. Nikajifunika kanga kichwani, nikaanza kusoma kila nilichofundishwa madrasa, na nilichanganya mwanzo na mwisho. Mtu asikudanganye, mwanangu. Ile sauti niliifahamu. Niliifahamu mara ya kwanza ilipoita, na hofu ikaniambia kwamba majini ndivyo yalivyo, huchukua sauti ya umpendaye. Nikakubali, kwa sababu kukubali hivyo kulinipa ruhusa ya kubaki nimekaa.

Mzee Kasiani alikuja akiwa amevua kinyago. Nadhani kilichomleta ni ukimya wetu, maana kikundi chetu hakikuwahi kunyamaza.

"Akina mama, kuna nini?"

"Kuna kinachoita, Mzee," Bi. Mwanahawa alinong'ona. "Usikiitikie."

"Kinaita nani?"

"Kinaita wifi."

Akatutazama mmoja mmoja. "Nani hapa ana wifi kazini?"

Macho yote yakanijia.

"Kaenda nyumbani," nikasema.

"Ulimwona akitoka?"

Nikainamisha kichwa. Mzee hakuuliza tena. Alikuwa tayari anakimbia kufunga mtungi, na nyuma yake Bi. Mwanahawa analia kwamba asifungue mlango, atatuletea balaa. Akajibu bila kugeuka, "Mimi nafungua. Akitoka jini tutamkimbia. Akibaki mtu ndani, tutamzika."

Akatufukuza wote twende upande unakotoka upepo, akavaa kinyago, akauvunja udongo wetu kwa teke. Nilitaka kumfuata. Akanisukuma kifuani mpaka nikaanguka. "Ukiingia hivyo nitabeba wawili!"

Alimtoa Somoe akiwa amembeba begani, macho wazi, hayamtazami mtu. Alikuwa amelala nyuma ya magunia, kwenye ubaridi. Alizinduka gizani, akasikia vicheko vyetu, akajikokota mpaka ukutani kuita. Hospitalini aliponea chupuchupu. Mimba haikukaa. Baba yako alikuja miaka mingi baadaye, wakati tumekwisha kata tamaa, na mikono ile haikutulia tena mpaka tulipomzika.

Mzee Kasiani hakunishtaki kwa tajiri. Alinijia nikiwa nimekaa nje ya wodi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Binti, umemtundika mtu usiyemwona." Akaondoka. Nilitamani anichape.

Lakini hilo silo ninalokuficha miaka yote. Somoe alipoweza kusema, neno la kwanza aliloniuliza lilikuwa hili: "Wifi, ulinisikia?"

Nikamwambia, "Sikukusikia."

Akatabasamu, akasema, "Nilijua. Ungesikia ungekuja."

Tuliishi nyumba moja miaka yote ile, nikimshikia kikombe, na sikumwambia. Leo nakwambia wewe uliye damu yake: nilimsikia, mara zote mbili.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Siku ya dawa, usimwandike mtu kwamba ametoka kwa sababu rafiki yake kasema, au kwa sababu unampenda na hutaki aonekane mtoro. Mtazame usoni, ndipo uandike. Zunguka mwenyewe nyuma ya kila rundo la magunia, hata wakikucheka, na watakucheka. Ukisikia sauti, au ukihisi umesikia, simamisha kazi, funga mtungi, fungua mlango. Aibu ya kufungua ghala tupu itakwisha jioni hiyo hiyo. Wala usiruhusu mwenye huruma kuingia bila kinyago. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, ungali na wa kumwambia. Mimi nilingoja mpaka akafa.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe moyo usioona haya kuuliza mara ya pili, na wote watakaoingia ghalani mwako asubuhi, akurudishie jioni, kila mmoja kwa miguu yake.