Jiwe la Mama Kashindye

Hapana, mdogo wangu, usiniambie yule dada muuzaji alijitakia. Mimi nilikuwepo. Wewe umesikia tu huko Kanyenye, na kesho unaanza kazi duka la ushirika ukidhani kazi yenyewe ni kupima sukari.

Nakumbuka siku ile Usoke sukari imeshuka na treni, tulikuwa tumeshasahau ladha yake. Desturi unaijua: ukiwa na udhuru unaweka jiwe kwenye foleni, linakushikia nafasi. Mama Kashindye aliweka lake akaenda kunyonyesha. Akaja bwana mmoja, mkulima mkubwa wa tumbaku, akalipiga teke, akasimama palepale.

Muuzaji alikuwa Dada Mwajuma. Mimi nilikuwa mbeba magunia, sijasoma, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mizani. Akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mzee. Hapo pana mtu."

"Mtu gani? Jiwe linakunywa chai?"

Foleni nzima ikacheka. Dada naye akatabasamu. "Halinywi, mzee. Mwenyewe ndiye mwenye watoto."

Yule bwana akainama, akaliokota lile jiwe, akampiga nalo usoni.

Niliruka meza nikamkaba. Watu wakaja kushika, wakanishika mimi. Mimi! Dada ameinama, damu inadondokea kwenye gunia la sukari, na wenye foleni wanasogea mbele kuziba nafasi. Mmoja akauliza kama sukari ya chini ni safi.

Kamati ya kijiji ikakaa. Ikasema Dada aombe radhi, amemjibu mzee mbele za watu, na mkulima ndiye nchi. Akaomba, kitambaa kimefunga jicho. Jicho halikupona. Kazi akaacha, akarudi kwao Kaliua, na bwana yule mpaka leo anapewa kiti cha mbele mkutanoni.

Basi nisikilize, mwanangu, maana kwa hili nakuita mwanangu. Usifungue duka peke yako. Mwenzako akianza kutukanwa, kasimame ubavuni kwake hapohapo, usingoje damu. Na wale wanaocheka nawe kwenye foleni usiwahesabu kuwa ni wako. Mungu akutunzie macho yako yote mawili, akurudishe nyumbani kila jioni. Zaidi ya hapo sina la kukuahidi.

Ila nijibu, wewe unayesema alijitakia: ungekuwa kwenye foleni ile, usingesogea?