Shangazi Anahama Tena

Mwezi uliopita nilipita Temeke, mtaa niliokulia. Nyumba ya shangazi haipo tena, wamejenga fremu za maduka, na palipokuwa chumba chetu dada mmoja anauza mafuta ya nywele. Nilisimama pale nje, sikuthubutu kuingia. Maana, mwenzangu, utoto wangu pale ulikuwa wa wasiwasi mtupu.

Wazazi walinileta kwa shangazi nisome. Alikuwa mkunga, amevuka arobaini na tano, hana mume wala hamtaki. Alipendana na fundi cherehani wa Mtoni, mwanamke mwenzake. Majirani waliambiwa ni binamu, lakini mie mtoto nilikuwa nawaona. Siku zile za njaa, tulipokula unga wa njano wa mgao wa duka la ushirika, fundi alikuja na mchicha wa nazi, wakakaa jikoni kuchekeana mpaka ugali unaungua.

Fundi alitaka kitu kimoja tu: shangazi ahamie kwake. "Nina vyumba viwili, mtoto atalala kimoja." Shangazi alikubali mara tatu. Mara zote tulifunga vyombo, tukakodi mkokoteni, tukafika karibu na mlango wa fundi, tukaugeuza kurudi nyumbani. Mara ya kwanza alisema amesahau mbuzi ya nazi. Ya pili, kichwa kinamuuma. Ya tatu alinyoosha tu kidole njia ya kurudi. Mwenye mkokoteni akafuta jasho, akamuuliza, "Mama, unahama au unalitembeza godoro?"

Mtaa mzima ulicheka. Mie sikucheka. Niliogopa maswali ya balozi wa nyumba kumi, na zaidi niliogopa fundi atachoka.

Kweli akachoka. Alikuja Jumamosi asubuhi, hata mkeka hakukalia. "Nimepata kazi ya kushona kijiji cha ujamaa, njia ya Kilwa. Lori linaondoka Jumatatu. Nafasi zenu zipo, ila kwa umri huu mie sibembelezi tena."

Jumapili nzima shangazi hakula. Nilingoja afunge mizigo, hakufunga hata kijiko. Nikajificha chooni nikalia. Jumatatu, nimeshavaa sare ya shule, akanishika mkono ghafla, tukatoka mbio. Lori lilikuwa limeshawashwa.

"Mizigo iko wapi?" fundi aliuliza kutoka juu.

"Nikifunga mizigo naghairi," shangazi alisema, akanyoosha mikono juu. "Nimekuja hivi hivi. Nivute kabla sijafikiri!"

Fundi akamvuta kwa nguvu, kandambili moja ya shangazi ikabaki barabarani, kisha akanivuta na mie.

Waliishi pamoja mpaka uzeeni, wakigombana kila msimu wa kupanda na kupatana kabla ya palizi. Fundi alitangulia kufa, shangazi akamfuata mwaka uleule. Majirani wa zamani nao wameshaondoka, hata kijiji kile kimebadilika jina. Nikiwaza kwamba aliyebaki anayejua walivyopendana ni mie peke yangu, na mie nazeeka, naingiwa na hofu. Ndiyo maana nimekusimulia.