Mkanda wa Bosi

Fundi alikuwa ameshona viti vya magari kwa miaka ishirini na mbili, na kiti alichokitamani kuliko vyote kilikuwa cha mbele, kando ya mumewe, dereva wa lori mstaafu. Kiti hicho kilikaliwa na mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Bosi, na jina lilimkaa. Wakienda sokoni, yeye mbele, Fundi nyuma na vikapu. Mume akifunga breki, mkono wake wa kushoto uliruka kumkinga Bosi kifua. Zamani mkono huo ulimkinga Fundi. Wivu ulimla, tena wivu wa aibu, maana utamwambia nani kwamba mke mwenzio ana mkia?

Basi daktari wa mifugo aliposema mbwa hasafiri mbele, anafungwa kiti cha nyuma kwa mkanda wa kifuani, Fundi nusura amkumbatie.

"Mama watoto, utamshonea?" mume aliuliza. "Ijumaa tunakwenda kwa binti yetu, na ule mteremko unaujua."

"Nitamshonea."

Kazi ilikuwa imebaki kidogo mume alipoingia karakana, akaushika mkanda, akaupitisha shavuni. "Hautamkwaruza kweli?"

Miaka thelathini ya ndoa, hajawahi kuuliza kinachomkwaruza mkewe. Fundi akauchukua mkanda, akarudi kwenye cherehani. Mshono wa kwenye kifungo, unaobeba uzito wote, hupitishwa mara tatu kwa uzi wa nailoni. Yeye akaupitisha mara moja, kwa uzi wa kushikizia, ule ambao fundi huung'oa kwa ukucha kazi ikiisha. Kwa macho usingeujua.

Ijumaa alikaa mbele, mkoba mapajani, ameringa kama bibi harusi. Raha ilidumu mpaka mwanzo wa mteremko. Mume alipunguza mwendo nyuma ya trekta, na Fundi akasikia uzi mmoja ukikatika kwenye mkanda wa Bosi. Sauti hiyo angeitambua hata usingizini. Aligeuka. Bosi alimtazama ulimi nje, hana habari.

"Simamisha gari."

"Kuna nini?"

"Mkanda nimeushona vibaya. Kusudi."

Mume akaegesha pembeni. "Kusudi?"

"Nilikuwa namwonea wivu."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Fundi alitoa sindano na nailoni mkobani, akahamia nyuma, akashona. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Bosi akamlalia paja, mzito kama gunia.

"Haya, rudi mbele," mume alisema kwa upole.

"Twende tu. Mshono huu sijaujaribu, nitakaa nao."

Akafunga mkanda wake, wakateremka. Kwenye kona ya chini trekta lilisimama ghafla, mume akakanyaga breki kwa nguvu. Mshono ukashika. Na mkono wa kushoto ukaruka, ukakinga kiti cha mbele kisicho na mtu.

Fundi aliuona. Mpaka leo hajui ulikuwa ukimtafuta nani kati yao wawili, na kuuliza anaogopa.